Kidude Shingoni mwa Ng'ombe

Mjukuu wangu Neema,

Nisamehe kuchelewa kukujibu. Pacha wangu wanaota meno, na hapa Mkolani usingizi tunausikia kwa majirani. Ila wote wazima. Umri tumepishana kidogo, lakini mdogo wa bibi yako ni bibi, kwa hiyo sikiliza.

Umeuliza kama ukubali kidude anachotaka mchumba wako utembee nacho, aone kwenye simu kila unakokwenda. Mume wangu naye alinipa kimoja tukiwa wachumba. Nikakifunga shingoni mwa ng'ombe wa baba, yule mtoro, pamoja na kengele yake. Mchana mwenzangu akaona kwenye simu nimeganda ziwani, akaja mbio kunifumania. Akamkuta baba ananywesha mifugo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumposa huyu mwenye kengele?"

Baba akisimulia, mume wangu hucheka kuliko wote. Nilimwambia, "Ukitaka kujua niliko, niulize." Hadi leo huuliza, nami humjibu.

Mwambie wako hapana, kwa upole, sasa kabla ya posa. Akiweza kucheka, mlete tumwone.

Nitumie kanga doti moja, sabuni ya watoto, soksi ndogo jozi mbili. Na hicho kidude, kama ameshakinunua. Ng'ombe bado mtoro.

Bibi yako,
Mama Kulwa