Mbawakawa Asiyeruka

Jumanne, Gongoni

Tafadhali, ukiyasoma haya usimwambie mtu hata neno moja. Mkataba wangu wa ukarani bado haujasainiwa.

Leo Dokta, yule mtafiti wa wadudu ninayemfanyia kazi, kanipa nichape maelezo ya mbawakawa mpya kwa sayansi, yule aliyemwokota mlimani kule Kigoma. Mweusi, kiuno chembamba, mgongo unang'aa kama shaba.

"Mahali alipopatikana, andika Ntalikwa."

"Lakini Dokta, si alitoka mlimani?"

"Mlimani sikuwa na kibali. Wewe chapa, mwanangu, wadudu niachie mimi." Akacheka, akaenda kunywa chai.

Mdudu mwenyewe hana mbawa za kurukia! Angefikaje kwenye mahindi ya Ntalikwa, huku kwetu, mbali kabisa na Kigoma? Kwa miguu, kama wapagazi wa zamani? Mdudu kampa jina la mkewe, lawama kaniachia mimi, maana barua pepe inatoka kwangu.

Nimeandika mlima. Nimeshatuma kwenye jarida. Akijua...

Kesho siendi ofisini. Ukinitafuta, usipige simu. Nenda duka la vitambaa la mama mkubwa, nyuma ya soko, umwamkie kwanza, kisha useme unanitaka mimi, Zuhura. Ukimkuta Dokta pale akinitafuta, nunua uzi uondoke.