Fundo Kwenye Boya la Linwood

Bandari ya Tibbett, Maine
Tarehe 9 Machi

Mwanangu Corinne,

Pokea salamu nyingi za baba yako mkubwa. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Ohio. Mimi ni mzima, nguvu zimenizidi. Juzi nilinyanyua injini ya boti huku mkono mmoja uko mfukoni. Na kambakoche niliyemvua Septemba alikuwa mkubwa kuliko mbwa wa mchungaji, tena alibweka. Cheka sasa, maana huko mbele hakuna la kuchekesha.

Baba yako anakula vizuri, na majirani hawajatuacha. Kila Alhamisi, katika chumba cha chini cha kanisa, muuguzi Bi. Ouellette hutufundisha sisi wenye wagonjwa, na akina mama huleta sufuria za maharage. Mimi hukaa mstari wa mbele. Niliishia darasa la nane, lakini amekiri mwenyewe hajapata mwanafunzi anayeuliza kama mimi. Wavuvi wamegawana siku za kukaa na mdogo wangu Linwood. Mwanzoni walimtania, eti ana miaka hamsini na miwili na ameruka foleni ya wazee. Bi. Ouellette akawaambia ugonjwa huu wa ubongo haungoji mvi, na wasimuulize kama anawakumbuka, bali wajitaje majina. Sasa Elwood, rafiki yake wa utotoni, akija Jumatatu hujitaja mlangoni kama askari mbele ya mkubwa wake. Baba yako humwambia aache upuuzi, pua ile ya kiazi nani asiyeijua.

Uliniuliza ilikuwaje baba yako akapotea baharini kwenye ukungu Novemba ile hadi baridi ikamla vidole vitatu. Nilikuambia injini ilizima, nami nikamfuata kwa makasia maili tisa. Makasia ni kweli, maili zilikuwa mbili. Injini haikuzima.

Kiangazi kile, kabla hatujajua ugonjwa wake, mtu alikuwa akivuta madema yangu, mitego yangu ya kambakoche. Unajua kwetu afadhali mtu akuingilie chumbani kuliko kugusa mtego wako. Siku moja nikamwona kwa macho yangu: Linwood, ameshika boya langu jekundu lenye mstari mweupe, anatoa kambakoche wangu mchana kweupe, na akanipungia mkono. Kila mvuvi ana rangi zake, na maboya yake yeye ni ya njano. Nikasema huyu ni mwizi asiye na haya. Sikumuuliza neno. Nikafunga fundo kwenye boya lake, lile onyo letu la tangu zamani. Hakuacha. Nikafunga la pili. Hakuacha. Basi alfajiri moja nikakata kamba zake zote, madema arobaini yakabaki chini ya maji, nikaenda gatini kujigamba kuwa kuna mwizi nimemtia adabu. Hayo madema ndiyo aliyokwenda kuyatafuta siku ya ukungu.

Darasa la pili, Bi. Ouellette alieleza kwamba la jana hupotea kwanza, mgonjwa akarudi utotoni. Nikauliza, mimi hodari wa kuuliza, kama mtu anaweza kusahau rangi zake akakumbuka za baba yake. Akasema anaweza kabisa. Nyekundu na nyeupe zilikuwa rangi za babu yako. Nilizirithi kwa kuwa mimi mkubwa. Linwood hakuwa akiniibia. Alikuwa akimsaidia baba yetu kazi.

Nimemwomba radhi mara nne. Kila mara husikia upya, hulia, huniuliza alinikosea nini, kisha kesho yake huuliza tena nani aliyemkatia madema. Bi. Ouellette amenikataza kumwambia tena, kwani kila mara ni jeraha jipya. Kwa hiyo sasa mimi humjibu kuwa ni dhoruba. Miaka yote hakuwahi kuamini hadithi zangu hata moja. Hii anaiamini.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye hutasahau.

Wasalimie watoto, wape habari za yule kambakoche. Ukija, njoo na hasira zako zote, nitazipokea. Lakini ukifika mlangoni, mtajie jina lako kwanza.

Ni mimi, baba yako mkubwa,
Thurlow