Kwa Jina Langu, Mahali Pangu

Doha,
Jumapili mchana.

Mpendwa Millicent, nyar nam wangu, binti wa ziwa,

Jana nilikata simu makusudi. Haikuwa mtandao. Mtandao wa huku hauna shida hata kidogo, na nilikusikia vizuri sana ulipouliza mara ya pili ile bahasha imefika wapi. Nilikata kwa sababu jibu nililokuwa nalo si la kusema kwenye simu. Ungecheka, nami ningecheka, tungehamia habari za nywele, na jibu lingebaki limenikaa tumboni. Kwa hiyo nimeketi kuandika, kama tulivyokuwa tukiandikiana wakati wa likizo, wewe Homa Bay na mimi Ntimaru, kabla wazazi hawajakubali kutununulia simu.

Lakini salamu kwanza, nisionekane nimeolewa nikasahau adabu. Hujambo, rafiki yangu? Mama goti lake limepata nafuu? Duka lako la dawa za mifugo linaendeleaje, na yule kuku aliyekuwa akitagia kwenye kiti cha wateja, umemhamisha au wateja ndio waliohama? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Joto ni lile lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mimi bado niko kwenye mashuka ya hoteli, napiga pasi mpaka nikifumba macho naona weupe mtupu.

Na ndoa, Milly! Ndoa ni tamu, wasikudanganye. Bonface huamka kabla yangu, akachemsha chai ya maziwa na kunijazia chupa, halafu hurudi kunifunika shuka tena kama mtoto. Anashinda juu ya mapaa ya watu akitengeneza mitambo ya kupoza hewa, jua likimchoma, na jioni anaingia akitabasamu kama mtu aliyetoka kwenye sherehe. Siku nyingine namtazama akila ugali nasahau kula wangu. Siku za Ijumaa hatuendi kazini, tunatembea kando ya bahari, na kila mara lazima aseme kwamba maji haya ni mazuri kwa macho tu, huwezi hata kunawa uso ukafurahi. Kisha anaanza habari za mashine yake ya barafu.

Hiyo mashine unaijua. Wavuvi wa kwenu wanatoa mbuta ziwani, na kabla gari la mnunuzi halijafika, samaki wameshalegea macho, bei imeshuka. Bonface anasema yeye huku anawapozea watu sebule, na nyumbani mama zake wanatupa samaki. Anataka tuuze ile ploti yake ya juu ya barabara ya Mbita, anunue mashine, aiweke ufukweni, na mkataba wake wa huku ukiisha turudi nyumbani tusiondoke tena. Ninaitaka hiyo mashine kuliko nilivyowahi kutaka gauni la harusi. Usije ukafikiri nilipinga kuuza. Sikupinga kuuza hata mara moja.

Nilichokipinga, kimoyomoyo, ni wewe.

Soma polepole, usitupe karatasi. Alipokuja na habari kwamba lazima amruhusu mtu wa nyumbani kuuza kwa niaba yake, nilidhani angenitazama mimi. Badala yake alisema Millicent ndiye anayeijua ile ploti, Millicent ndiye aliyeipata, Millicent alimteremsha bei mwenye nayo mpaka mzee wa watu akaomba maji. Nikasema ndiyo, Millicent ni hodari. Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Tulienda ubalozini pamoja, nimeshika mkono wake. Afisa mmoja mpole akaniuliza kama mimi, mke wake, nimekubali ploti iuzwe na wewe ndiye uuze. Nikasema nimekubali. Kisha wakampa Bonface ile hati aisome kabla ya kutia sahihi, na mimi nikaisoma begani kwake. Kiingereza chake kilikuwa kigumu, lakini nilifika Kidato cha Nne na wewe unajua nilipita. Ilisema kwamba yeye Bonface anamteua Millicent afanye, na haya ndiyo maneno yenyewe, kwa jina langu na mahali pangu, kila jambo ambalo ningelifanya mimi mwenyewe kama ningekuwapo. Na kwamba chochote atakachofanya Millicent, Bonface anakikubali kana kwamba amekifanya yeye.

Milly, mchungaji wetu hakuniambia maneno mazito hivyo siku ya harusi! Sisi tulisomewa ya uzima na ugonjwa, yale ambayo kila mtu husomewa. Lakini kwa jina langu, mahali pangu? Chochote atakachofanya ninakikubali? Hayo mimi sijaambiwa na mtu. Na yule mume wangu akachukua kalamu akatia sahihi haraka haraka kama anayepokea kifurushi, kisha akaniuliza kama nina njaa.

Tangu siku hiyo wivu ulinipanda kichwani. Ile picha ya siku mliyonunua ploti, ambayo nilikuwa naipenda, nikaanza kuichunguza kila nikipata nafasi. Mmeshika tepu ya kupimia, wewe upande huu na yeye upande ule, miche ya ojuok ya kupanda mpakani iko miguuni penu, na wote wawili mnacheka. Hiyo ningeivumilia. Lakini wewe huna viatu, kwa sababu ya matope, na viatu vyako vyekundu, nyar nam, vimeshikwa na nani? Vimeshikwa na Bonface. Mume wangu hajawahi kunishikia viatu.

Nikakumbuka pia ile siku uliyonipa namba yake. Ulisema nimchukue, kwamba wewe ulishamkataa tangu shuleni kwa sababu anatembea kama korongo, ila ana moyo mzuri, shida yake ni kwamba anakoroma. Wakati ule nilicheka. Sasa nikawa napiga pasi mashuka ya wageni huku najiuliza: Millicent alijuaje kwamba anakoroma?

Na simu zenu! Kila jioni mwalimu Ratemo, mnunuzi, amesema hili, mwalimu Ratemo amesema lile. Nyinyi mnaanza kwa Kiswahili, mkifika pazuri mnaingia Kijaluo, mnacheka, na mimi binti wa Kikuria nimekaa pale nasubiri kutafsiriwa. Nikiuliza mlicheka nini, Bonface anasema si kitu, ni mambo ya ploti. Tangu lini ploti ikachekesha?

Sasa nikuambie lile la bahasha.

Nicodemus, fundi mwenzake Bonface, hakusahau bahasha yako yenye ile hati, Milly. Nicodemus hakuwahi kupewa. Bonface alinikabidhi mimi nimpelekee kabla hajasafiri kwenda kwao Rongo, na mimi nikaiweka chini ya mfuko wa unga. Nilijiambia nitampa kesho, na Nicodemus akaondoka. Ulipouliza, nikasema anayo yeye, labda amesahau, unajua wanaume. Sikujua kwamba ungefunga duka ukamfuata mpaka Rongo. Sikujua kwamba ungemwita mzembe mbele ya mkewe na mama mkwe wake, na yeye akaapa kwa watoto wake huku mkewe akipekua mabegi yote mpaka yakatokea mambo mengine ya kuulizana. Uliponisimulia ulikuwa unacheka, na mimi nikacheka pamoja nawe. Hata hapo sikusema. Na mwalimu Ratemo akawa anakuja dukani kwako kila wiki, unamnywesha chai, unamwomba subira, na jana ukaniambia ameanza kutazama ploti nyingine na huenda tukampoteza. Hapo ndipo nilipokata simu.

Nilikata pia kwa sababu Bonface alikuwa amekaa mbele yangu, na bahasha ilikuwa mapajani mwake.

Alikuwa ameiona juzi, Ijumaa, alipotaka kusonga ugali, akakaa nayo siku nzima akingoja niseme mwenyewe. Sikusema. Jana ulipopiga na kuuliza, aliitoa akaniangalia tu. Sijawahi kuogopa hivyo, na wala hakupaza sauti. Aliniuliza kama nimeghairi kurudi nyumbani. Nikasema hapana. Akauliza kama sikumwamini Millicent na pesa. Nikasema ningekuachia hata roho yangu. Basi ni nini, akauliza, na mimi nikalia, nikamsomea yale maneno, kwa jina langu, mahali pangu, nikamwambia ameoa mara mbili na harusi ya pili ndiyo ilikuwa na maneno mazuri.

Milly, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamchapa na kandambili. Kuhusu kukoroma, alisema kwaya nzima ya kanisa lenu inajua tangu ile safari ya Kisumu mlipolala ukumbini, na kwamba hata mwalimu wa kwaya alimrushia kiatu. Kuhusu kile mnachochekea, ni hicho kiatu. Kuhusu viatu vyako, alisema ulimpa avishike kama mtu anayetundika koti kwenye msumari, na hakuthubutu kukataa.

Halafu akainuka akaketi karibu yangu. Akasema mtu aliyetaka kumtuma tangu mwanzo alikuwa mimi. Lakini nilimfunga mikono mwenyewe. Unakumbuka pale kanisani nilipopewa kipaza sauti, nikaapa mbele ya watu wote kwamba sitalala hata usiku mmoja mbali naye? Ulikuwa msimamizi wangu, wewe ndiye uliyenifuta machozi. Watu walipiga makofi. Bonface yeye aliyaweka moyoni yale maneno. Alisema aliogopa kwamba akinitaka nirudi peke yangu ningefikiri amenichoka. Na aliogopa zaidi kwetu. Unajua kwetu: bibi harusi akionekana Ntimaru peke yake na begi kabla mwaka haujaisha, hakuna anayeuliza safari ilikuwaje. Wanauliza amefukuzwa kwa kosa gani, na ng'ombe wa mahari watarudishwa lini. Alisema hakutaka baba yangu aulizwe swali hilo sokoni kwa ajili ya ploti.

Nikamwambia basi anitume mimi, nitakwenda. Mtu alikuwa ananilinda, na mimi nimekalia bahasha.

Leo asubuhi tumerudi ubalozini, maana Jumapili huku ni siku ya kazi. Bonface amefuta ile hati yako kwa sahihi, na ametia sahihi nyingine. Usikasirike kabla hujamaliza mstari huu: hati mpya ina jina langu. Inasema: Mogesi, mke wangu, afanye kwa jina langu na mahali pangu. Safari hii alisoma kwa sauti, polepole, afisa yule akatabasamu, na mimi nililia tena kama nilivyolia kanisani, ila hapakuwa na wa kunifuta. Hoteli wamenipa likizo fupi. Bonface hana likizo mpaka mwakani, kwa hiyo nakuja peke yangu. Nimevunja kiapo changu mwenyewe, na watu wa Ntimaru waseme watakavyo. Nitapita katikati ya soko na begi langu, na atakayeuliza habari za ng'ombe nitamwambia wako malishoni.

Barua hii anakuletea Caren, tunayefanya naye kazi, anasafiri usiku wa leo kwenda kwao Migori. Nimeitanguliza ili nitakapofika uwe umeshakasirika na kumaliza. Mwambie mwalimu Ratemo mke wa Bonface yuko njiani na hati mkononi, na kama anapenda ile chai yako aongeze kikombe kimoja. Kwa Nicodemus nitaenda mwenyewe, nipige goti mbele ya mama mkwe wake. Usimwambie kitu, aibu ni yangu.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Hata ninapoandika hapa naona viatu vyekundu. Mtakapokuwa mnaongea, nipeni nami nafasi, mkiingia Kijaluo nifundisheni. Na siku ya kumwonyesha mwalimu mipaka, njoo twende wote. Wewe ushike upande ule ule wa tepu, mimi nishike upande aliokuwa Bonface, na ojuok zilizopandwa na mikono yenu nitazishika moja moja nikiziaga. Matope yakiwepo tutavua viatu, na kila mwanamke atabeba vyake.

Msalimie sana Mama, mwambie nimemnunulia dawa ya goti ya kupaka. Bonface anakusalimu, nimemruhusu. Kaa salama, nyar nam, na usifunge duka kunifuata uwanja wa ndege, nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni pako kabla mwezi huu haujaisha.

Rafiki yako mwenye wivu na mwenye kukupenda,
Mogesi wa Bonface