Kamba Fupi za Chui

Wewe, uko hapo? Shemeji kampeleka mbwa wangu Chui kwa daktari wa mifugo, karudi na pikapu tupu. Eti Chui karuka kwenye kona.

Karuka. Nilimfunga mwenyewe nyuma ya kabini, kamba mbili fupi, kushoto na kulia. Anaweza kukaa na kulala tu, ukingoni hafiki.

Kamba zimerudi nzima. Mafundo ni yangu yale yale. Mkanda wa shingoni umefunguliwa taratibu, haujachanika hata kidogo. Tangu lini mbwa anajivua mkanda?

Nikamuuliza kona ipi, akaanza kujikuna kichwa.

Machozi yakanitoka, akanibembeleza. Unajua kaniambia nini?

“Usilie, shemeji. Huko aliko anakula vizuri kuliko hapa.”