Kiwiko cha Kagera

Jumanne, 10 Aprili 1956
Bado ndani. Ndizi asubuhi, ndizi mchana. Mama mkwe anasema mwali asiponenepa nyumba yake inaaibika. Basi nanenepa. Mto siuoni, ila nasikia viboko wakikoroma. Mimi ni mke wa Anselimi! Naandika tena kwa raha zangu: mke wa Anselimi.
Kwao mwali hatoki nje mpaka anywe maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Wangu bado yuko kwa mjomba wa Anselimi, ng'ambo, Ruanda.

Alhamisi, 12 Aprili
Anselimi amenichorea mto Kagera mkononi kwa kidole. Begani ni maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo mto unakwenda kaskazini polepole, katikati ya mafunjo, sisi upande huu, Ruanda upande ule. Kwenye kiwiko ni Murongo, unakata kuelekea mashariki. Kifundo cha mkono ni Kyaka, kwa mama yangu. Vidole vinazama ziwani.
Nilisema sijaelewa, arudie. Nilielewa! Sekondari tuliuchora mto huu huu, lakini haukuwa na joto.

Jumamosi, 14 Aprili
Mvua imekatika. Anselimi atakwenda Jumatatu kumleta ng'ombe. Ati mvua ikiisha mto hupungua. Sikupenda. Kwetu Kyaka mto hujaa jua likiwaka. Maji hujificha kwenye mafunjo ya juu, halafu huja kimya kimya. Nilimwambia. Akacheka: "Huku ni begani, mke wangu, si kifundoni." Nikacheka na mimi. Mjinga mimi.

Jumatatu, 16 Aprili
Amevuka salama. Kesho anarudi, ng'ombe akiogelea nyuma ya mtumbwi.

Jumatano, 18 Aprili
Hajarudi. Jua kali, na mto umefurika. Shemeji Sitefano ameona mtumbwi uliopinduka ukielea kuelekea Murongo. Hajui ni wa nani.
Nauchukia ukuta huu. Namchukia ng'ombe ambaye sijamwona. Nikamwambia mama mkwe nataka kwenda mtoni.
"Mwali hatoki."
"Hata akiwa mjane, Mama?"
Akanitazama. Akaondoka.

Alhamisi, 19 Aprili
Alfajiri mama mkwe ameingia na chombo cha maziwa, bado yana joto la kiwele.
"Bihogo ni ng'ombe wangu tangu nilipoolewa. Leo ni wako. Kunywa upesi, twende."
Nilikunywa mpaka yakanimwagikia kifuani. Tukateremka mbio, amenishika mkono.
Kagera! Mpana, wa rangi ya udongo, hauna hata sauti. Na ng'ambo, kando ya ng'ombe mweupe, mwanamume anapunga shati. Wangu!
Mama mkwe akapaza sauti: "Anselimi! Si mkeo alikwambia?"
"Mwambie kifundo kimelishinda bega!"
Mama mkwe akaniuliza kifundo gani. Nilikuwa nalia na kucheka, sikuweza kumjibu. Nisingemjibu hata hivyo.

Jumapili, 29 Aprili
Amerudi jana na ng'ombe wangu, maji yalipotulia. Amekonda. Mimi ndiye niliyenenepa. Nilitaka kumrudisha Bihogo, mama mkwe amekataa.
Jioni tumekaa ukingoni, tumechoka. Maji yanakwenda kwa mama. Safari hii nimeuchukua mkono wake, nikaanzia begani, polepole, kama mto wenyewe. Nilipofika kwenye kiwiko alikuwa amelala.