Tope la Maji Moto

Maganzo, Jumatano

Mpendwa kaka Telesphori,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Mektilda na watoto hapo Nyasubi hamjambo, na duka lako la vifaa vya wachimbaji linakwenda. Mimi mzima wa mwili tu. Tangu tumzike Meshack chakula hakishuki, ila kazini naenda.

Nimesikia mganga amesema shangazi Martina ndiye aliyemuua mdogo wetu kwa uchawi, kwa kuwa alikutwa naye peke yake na macho yake ni mekundu. Macho yale yameharibiwa na moshi wa kutupikia sisi! Nimesikia pia Jumapili sungusungu watakuja kumfukuza, na kwamba umewaita wewe.

Basi nikueleze. Hapa kiwandani ninapopika, wanavuta maji moto kutoka chini sana ardhini na kutoa ndani yake lithiamu, madini ya kutengenezea betri. Tope linalobaki lina sumu, linamwagwa shimoni ndani ya uzio. Meshack nilimwambia yote hayo, akanicheka. Alivyozoea mashimo ya Geita, hakukubali kwamba mtu anaweza kuchimba hadi huko chini akitafuta kitu kisicho dhahabu. Alisema wakubwa wanatufanya wajinga.

Akaruka uzio, akajaza kiroba. Akalichanganya tope na zebaki ili ikamate dhahabu, akajifungia jikoni kwa shangazi, akaziba dirisha kwa blanketi ili majirani wasione, akachoma, moshi wa zebaki wenye sumu ukamjaa kifuani. Shangazi ndiye aliyevunja mlango na kumkokota nje, naye akikohoa vibaya.

Hospitalini Kolandoto nilikaa naye mpaka mwisho. Aliniambia zebaki ulimpa wewe, na wewe ndiye uliyemwambia afunge kila mahali, na kwamba dhahabu mtagawana. Akanisihi nisikuaibishe msibani. Ndiyo maana nilinyamaza pale kaburini, nawe ukilia kuliko wote.

Sasa sinyamazi tena. Kaka, nina hasira nawe. Waambie ukoo mwenyewe kabla ya Jumapili. Usipowaambia nitasema mimi, mbele ya wanao. Shangazi nimemleta kwangu. Hao uliowaita wakija, watanikuta mlangoni.

Msalimie wifi, watoto wabusu. Shangazi naye anakusalimu sana. Sijamwambia ni nani aliyewaita sungusungu. Anasema nisiwe na wasiwasi, Telesphori akisikia atakuja kumtetea.

Mdogo wako,
Melania