Usiniambie Tena Kwamba Mama Amelala

Quakers Hill,
Sydney, Australia.
2 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Nkatha,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, ila mgongo wangu unalalamika kwa kuwainua wazee kazini. Wewe hujambo? Shemeji na watoto je?

Na mama? Hapa nauliza kwa uzito. Tangu Pasaka sijasikia sauti yake. Nikipiga simu unaniambia amelala, kisha unageuza mazungumzo. Ndiyo maana barua hii nimempa Mwiti wa kanisani kwetu, anayekuja Meru, akukabidhi mkononi.

Acha nikueleze yaliyotokea hapa nyumbani. Unamkumbuka Peiwen, yule binti wa Kichina aliyepanga chumba kwetu, anayesoma chuo kikuu? Mwanzoni alinipa kazi! Hakutaka kukumbatiwa, maji alikunywa ya moto hata jua likiwaka, na chakula alikula chumbani peke yake. Darasani walimu walitaka wanafunzi wawabishie, na kwao mwalimu habishiwi, basi akakaa kimya na alama zikampita. Lakini akiongea na wazazi wake alicheka, akawaambia ana marafiki tele. Aliniambia mtoto aliye mbali hupeleka nyumbani habari njema tu. Nikamwona ana adabu kweli.

Kumbe nao walimfanyia vivyo hivyo. Nyanya aliyemlea alifariki katikati ya muhula, wakamficha mpaka amalize mitihani. Akimuulizia, anaambiwa nyanya amepumzika. Alipoelezwa, mazishi yalikuwa yamepita zamani.

Mimi nikafanya kama tufanyavyo sisi. Nikawaita kina mama wa kanisani, wakaja na chupa za chai na mandazi, wakaanza kuimba. Maskini Peiwen akawagawia wote maji ya moto, akaniambia pole, kisha akajifungia chumbani. Alidhani nimefiwa mimi! Yvette, Mkongomani mmoja kati yetu, ndiye aliyetunyamazisha. Akaketi sakafuni nje ya mlango wa Peiwen.

Baadaye mlango ukafunguka. Peiwen akatoka na picha ya nyanya yake, akaiweka mezani pamoja na machungwa na bakuli la wali, akainama. Sote tukasimama. Ndipo akalia.

"Anti," akaniambia, "najua walinificha kwa kunipenda. Lakini siku waliyomzika, mimi nilikuwa nacheka nao kwenye simu."

Nkatha, maneno hayo yameninyima usingizi. Najua unajua mtihani wangu wa unesi uko karibu, na moyo wako naujua. Mtihani hurudiwa. Kama mama anaumwa, niambie anaumwa nini. Kama bado anasikia, mwekee simu sikioni niongee naye, hata asipoweza kunijibu. Na kama ametutoka, nipigie leo, nitapokea hata nikiwa kazini. Usiniache nicheke wakati ninyi mnalia.

Nisalimie shemeji, watoto, na mjomba Kinuthia. Mungu awashike mkono katika kila mnalopitia. Salamu za mama sikupi wewe, nataka nimpe mwenyewe.

Dada yako akupendaye, hata akikasirika,
Zilpah